Hodi ya Sauti Tatu

Habari ya kifo chake ilinikuta kwa kinyozi, upande mmoja wa kichwa umeshanyolewa na upande wa pili bado. Simu iliita, nikaipokea kwa kero, maana siku hizi simu ya Goma ikiita saa za kazi huwa haikuulizi umeamkaje. Sauti ya mwanamke ikasema, "Papa, Maestro ametuacha. Asubuhi hii, mu usingizi." Kisha ikakatika, kama simu zetu zinavyokatika. Nilibaki nikijitazama kwenye kioo. Kinyozi wangu, mtu mzima ambaye amenihudumia tangu nywele zangu zilipokuwa nyeusi, alizima mashine bila kuambiwa. Nikamwambia nimefiwa. Hakuuliza nani. Alisema tu, "Pole, Papa. Enda, utarudi tumalize." Nikavaa kofia nikaondoka, na muda wote wa kilio nilikaa na kofia ile kichwani, hata wakati wa sala, na wapo walionong'ona kwamba mwandishi huyu hana adabu. Sasa mnajua sababu.

Ninyi mnaoisoma safu hii tangu zamani mtakuwa mmeona kwamba nimechoka kuaga watu. Kuna wakati niliandika hapa juu ya mashimo ya barabara, juu ya bei ya makaa, juu ya vijana wa pikipiki wanaopanda hadi kwenye baraza za watu. Siku hizi kila nikikaa kuandika nakuta kuna mtu amenitangulia kwenye karatasi, naye hasogei mpaka nimseme. Huyu wa leo sitamtaja jina. Mwenyewe hakupenda jina lake liwekwe kwenye tangazo; alisema watu huja kumtazama mtu na kusahau kusikiliza. Sisi tulimwita Maestro, kama tunavyowaita wakubwa wa kwaya hapa kwetu, na hilo linatosha. Alikuwa mtunzi wa opera. Ndiyo, opera, Goma. Alizaliwa katika familia ya wafugaji milimani Masisi, akapita seminari ndogo ambako mapadri walikuwa na sahani za santuri, akasikia humo watu wakiimba ugomvi, wakiimba posa, wakiimba hata kumwagiza mtumishi alete kiti. Alitoka pale ameamua kwamba na watu wa milima yake wataimba hivyo, kwa Kiswahili, kwa sauti zao wenyewe.

Alichekwa, bila shaka. Mimi ni miongoni mwa waliomcheka, na nilimcheka kwa maandishi, katika safu hii hii, baada ya kuona opera yake ya kwanza, ile ya harusi iliyokwama kwa sababu ya ng'ombe mmoja. Katika sehemu moja mama mkwe anaomba chumvi, na anaiomba kwa wimbo mrefu, na kwaya nzima inarudia. Nilimkuta nje baada ya mchezo nikamuuliza, "Maestro, mutu anaomba chumvi kwa wimbo? Chumvi itafika lini?" Hakukasirika. Alinitazama kama mtu anayetazama ndoo inayovuja, akasema, "Mama yako akifiwa analia kwa wimbo. Akibembeleza mutoto anaimba. Akienda ku shamba anaimba. Sasa chumvi njo ilikosa nini?" Siku chache baada ya safu ile kutoka alikuja mwenyewe ofisini kwetu, akasimama mlangoni, akaniambia niache kuandika juu yao nikaimbe nao. Sauti yangu, alisema, ni ya besi, hata nikicheka inajulikana. Nikaenda kwa ubishi tu, nikitaka kumwonyesha kwamba siwezi. Sikurudi nyuma tena.

Opera ya pili ilikuwa ya wavuvi, na aliipeleka Vitshumbi, kijijini kwa wavuvi wenyewe, tukaimba kwenye uwanja wa samaki. Korongo mkubwa, mmoja wa wale wenye upara wanaosubiri matumbo ya samaki, alipita katikati yetu taratibu, akasimama mbele ya mwimbaji mkuu, akamkodolea macho mpaka wimbo ukaisha. Maestro alikataza asifukuzwe. Alisema ndiye msikilizaji pekee aliyetulia siku ile. Nayasema haya ili mumjue kidogo, kwa sababu habari yangu ya leo ni opera ya tatu, iliyomla maisha.

Opera hiyo ni ya familia inayokimbia vita Masisi. Wanashuka hadi Sake, wanapita Lac Vert, wanafika kambini na kukaa chini ya turubai kwa miaka. Bibi yao anafia pale. Halafu amani inapatikana na wanarudi. Wanapanda kilima chao kwa miguu mpaka mbele ya nyumba yao, na wanakuta moshi unatoka juu ya paa. Kuna watu ndani. Wanasimama mlangoni mwao wenyewe na wanapiga hodi. Hapo ndipo kuna wimbo wa mwisho. Nani yuko ndani? Atafungua? Atasema nini? Msomaji wa mbali anaweza kuona hilo ni jambo dogo, lakini sisi tunajua ni watu wangapi wa huku wamelala bila usingizi wakiliwaza swali hilo hilo, wenye nyumba na waliomo ndani pia. Kila mtu alimuuliza Maestro mwisho ule umekuwaje. Wafugaji walimuuliza, wakulima walimuuliza, mpaka mkuu mmoja wa ofisi alimtumia mtu amuulize kwa upole. Yeye alijibu wote namna moja: "Mutafika siku ile, mutasikia."

Na hata sisi waimbaji hatukujua, kwa sababu ya namna yake ya kufanya kazi. Sehemu zote nyingine tulizifanyia mazoezi pamoja, kama kwaya yoyote. Wimbo wa mwisho aliufundisha kila sauti peke yake. Besi tulikutana naye kwenye karakana ya seremala kule Ndosho, katikati ya vitanda ambavyo havijapakwa rangi. Tenori walikuwa na mahali pao, soprano mahali pao, na alto, ambao wengi walikuwa mama wa Munigi na wa barabara ya Sake, aliwafuata kwao. Aliandika noti ubaoni, tukazishika, akazifuta. Tulikatazwa kuimba sauti yetu mbele ya wa sauti nyingine. Seremala, ambaye naye ni besi, alilalamika kwamba hiyo ni kazi ya wachawi. Maestro akasema, "Mukiisha kuisikia mu repetisio, ku mazoezi, siku ile mutaimba kama watu wenye kukumbuka. Miye nataka muimbe kama watu wenye kushangaa." Alitaka sauti zote zikutane mara ya kwanza mbele ya watu, na sisi tuupate mwisho pamoja nao, kwa dakika moja. Alilala na kuamka akingoja dakika hiyo.

Sehemu yetu sisi besi nawaambia sasa, kwa kuwa haina siri tena. Ni neno moja tu, hodi, kwenye noti moja, polepole, kama mtu anayegonga mlango kwa adabu. Kisha inashuka kidogo, kisha inarudi pale pale. Basi. Nimeivuma sauti ile jikoni, njiani, kwa kinyozi, miaka nenda miaka rudi, bila maneno, mdomo umefungwa. Watoto wangu wamekua wakiamini huo ndio wimbo pekee ninaoujua, na ya kwamba si wimbo.

Mara ya kwanza tulipoucheza mchezo ule, katika ukumbi wa parokia, mchana, kwa sababu jioni watu wa kwetu hawatembei, ukumbi ulijaa watu wa kambini. Walikaa vizuri sehemu yote ya kwanza. Katika sehemu ya pili bibi anakufa. Mwimbaji alilala chini, akafunikwa kitenge, binti yake akaanza kulia kwa wimbo, na kwaya ikamwitikia. Mama mmoja wa mstari wa mbele akainuka. Tulidhani anatoka. Alivua kandambili, akapanda jukwaani, akakaa mkekani kando ya yule binti na kumshika mkono. Akafuata mwingine. Wanaume wakavua kofia, wakapanga mstari, wakaja kutupa mkono wa pole mmoja mmoja, hata sisi besi tuliosimama nyuma. Mtu akaleta maji kwenye bidoni. Si kwamba hawakujua ni mchezo; walicheka vizuri tu kwenye onyesho la ugomvi wa mgawo wa unga kambini. Lakini kwetu mtu hawezi kukaa kwenye kiti akamtazama mwenzake analia kilio, awe ni wa kweli awe ni wa kuigiza. Mama yule wa kwanza aliniambia baadaye, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na siye tulimuacha wetu kule, Papa. Hatukumuzika." Walikaa pale mpaka mazuti ya jenereta yakaisha. Marehemu mwenyewe chini ya kitenge alikuwa akitetemeka, na sijui mpaka leo kama alikuwa akicheka au akilia.

Nilimkuta Maestro nyuma ya ukumbi, amekaa juu ya jiwe jeusi, amekasirika kama sijawahi kumwona. Nikamwambia watu wamemheshimu kuliko makofi yoyote. "Miye sikutafuta heshima," alisema. "Nilitafuta waikale, wangoje, wafike na siye ku mulango." Alinuna wiki kadhaa. Kisha akaja na karatasi mpya: ameirefusha sehemu ya kilio, ameweka kiitikio kinachorudiwa na kurudiwa mpaka mtu wa mwisho apande, atoe pole yake na ashuke. Hapo nilimpenda kabisa. Watunzi ninaowajua mimi, na waandishi tumo, tukiona watu hawafuati tulichopanga tunawalaumu watu. Yeye aliwalaumu kwa wiki kadhaa, halafu akawapa nafasi ndani ya kazi yake.

Lakini mwisho hatukufika. Mlima ukawaka siku ambazo tulikuwa tumeshabandika matangazo. Lava ikashuka, ikapita juu ya nyumba yake na karatasi zake zote, na yeye akatoka na viatu vilivyokuwa mguuni. Tukakaa muda mrefu bila kuimba. Tulipoanza tena, kila mmoja alikuwa bado na sehemu yake kichwani, hata zile alizozifuta ubaoni. Aliwarudia wale mama wa alto, akawakuta wote, akafurahi sana. Tukachagua siku. Wiki hiyo hiyo vita vikafika upande wa Sake, na watu wakaanza kuingia mjini na magodoro, na wengine kutoka mjini na magodoro, wakipishana njiani. Wale mama waliondoka na watoto wao. Wapo waliopanda boti kwenda Bukavu, wapo waliovuka kwenda Uganda, wapo ambao hatujui. Hakubaki alto hata mmoja.

Sasa nisikilizeni, kwa sababu hapa nilimkasirikia na bado nina hasira naye, marehemu ama si marehemu. Alibaki na miaka ya kutosha kufundisha alto wengine. Wasichana wa kwaya walimwomba. Mkewe alimwomba. Mimi nilienda kwake mara nyingi, nikamkuta anakohoa, nikamwambia, "Maestro, fundisha wengine, tuimbe, tumalize." Alikataa. "Ile sauti iko na benyewe," alisema. "Nikiipatia bengine, niko nasema bale habatarudi. Ni miye nitasema vile?" Nilimwambia kwamba kazi isiyomalizwa nayo ni aina ya uongo. Alinijibu kwamba mimi ni mtu wa gazeti, nimezoea kila kitu kiishe kabla ya saa ya kuchapa. Nilitoka pale bila kunywa chai niliyoletewa. Naye aliendelea kungoja, na kifua kikaendelea.

Tulikuwa wengi kwenye kilio. Turubai lilifungwa kutoka paa hadi ukuta wa jirani, viti vya plastiki vikaazimwa mtaa mzima, na kwa kuwa mtaa huo umejaa wakimbizi wa vita vya mara hii, nao walikuja, hata wasiomjua. Mchana, sanduku likiwa limeshaletwa na kuwekwa sebuleni, mjane alitoka nje. Yeye ni soprano. Ni mwanamke mrefu, mkimya, na amechoka kwa namna ambayo usingizi hauwezi kusaidia. Alisimama mlangoni, akatutazama sisi wa kwaya ya zamani tuliokuwa tumekaa pamoja, akasema, "Tuimbe ile ya mwisho." Tukatazamana. Tenori mmoja alisema kwa upole, "Mama, Maestro alikataza. Na ba alto habako." Akajibu, "Siku aliyoingojea ni leo. Ingine haiko. Muzee amelala pale, hawezi tena kutukataza. Mimi nataka aisikie, hata nusu." Hakuna aliyebisha. Tulisimama, kila sauti upande wake, na mara ya kwanza katika maisha yetu tukakusanya kile tulichofichana.

Tukaanza sisi besi. Hodi. Hodi. Juu yetu wakaingia tenori, na ndipo nikasikia kwa nini yetu ilikuwa noti moja: wao walikuwa wanajitambulisha. Ni sisi, waliimba, tuliopanda miti hii, tuliozika kitovu cha mtoto nyuma ya nyumba, na wakataja vilima walivyopita wakirudi. Soprano hawakuwa na maneno. Walishika sauti ya juu, nyembamba, wakaiachia, wakaishika tena, kama mtu anayebana pumzi akisikiliza nyayo ndani ya nyumba. Nilihisi nywele zangu, zile zilizobaki, zikisimama chini ya kofia. Kisha tenori wakanyamaza. Soprano wakanyamaza. Sisi tukapiga hodi ya mwisho, na sehemu zetu zote tatu zikafika kwenye ukimya, sote tukihesabu mapigo kimoyomoyo kama tulivyofundishwa, kila mtu miaka ile akidhani ni sauti yake tu inayopumzika. Alto ndio waliokuwa ndani ya nyumba. Jibu lote lilikuwa lao, na wimbo wenyewe pia, ule ambao mtu angeondoka nao mdomoni. Sisi wengine tulikuwa tumebeba mlango tu.

Ukimya ule ulikuwa mrefu. Nilingoja mtu mmoja katika ua ule aseme karibu. Mnajua watu wetu. Ni watu hawa hawa waliopanda jukwaani kumfariji mwigizaji. Ukipita kwao ukasema hodi wakati wanakula, mtoto wa miaka miwili ataitikia karibu kabla hajameza. Nikawatazama. Walikuwa wamesikia, walikuwa wanalia wengine, na hakuna aliyejibu. Hata mimi sikujibu. Mapigo yakaisha, soprano wakaingia na sauti yao nyembamba ya kumalizia, tukakaa chini. Mjane aliingia ndani.

Baadaye, baada ya mazishi, alinieleza kwa nini alto. Nilikuwa nimemuuliza kwa hasira kidogo, Mungu anisamehe, kwa nini mtu aweke wimbo mzima kwenye sauti moja. Akasema, "Alikuwa anafikiri vizuri, Papa. Alisema ba soprano ni wabinti, wataolewa waende. Tenori na besi ni wanaume, vita ikifika wanaume njo wa kwanza kutafutwa. Lakini mama mwenye shamba yake ya maharagi, mwenye watoto, huyo haendi fasi. Njo aliwapatia bale." Alikuwa anakunja kitenge huku akisema, akakikunjua, akakikunja tena. Kumbe ndivyo ilivyokuwa. Alitafuta kati yetu wale walioshika ardhi kuliko wote, akawapa kitu chake cha thamani wakihifadhi, na ndio hao walioondoka wa kwanza, kwa sababu mwenye watoto hangoji risasi ya pili. Sidhani kuna mtu wa mji mwingine angekosea namna hiyo. Sisi wote tumejenga mambo yetu juu ya mama ambaye haendi popote, na vita vyetu vimewatoa hao hao. Nikiwaza shule zetu, masoko yetu, hata familia zetu zilivyo leo, naona mahali pengi ambapo wimbo uliwekwa kwa alto.

Mjane alikuwa na namba ya simu ya mmoja wa wale mama wa alto. Nilipiga kwa siku nyingi mpaka ikapokelewa, kambini, upande wa Uganda. Mama yule alinikumbuka kwa sauti kabla sijajitambulisha. Alimlilia Maestro wake, nikangoja. Kisha nikamwomba aniimbie sehemu yao, nami nitaishika na kuwapa wengine. "Hapana, Papa," alisema. "Nilimuahidi. Siwezi kuimba mu simu, nimeikala juu ya kitanda ya watu. Nitaimba siku nitasimama na wenzangu." Nikamwambia basi aniambie jambo moja tu, walifungua au hawakufungua? Alicheka, kicheko kirefu kisicho na furaha nyingi, akasema, "Kwani siye tumesharudi?" Simu ikakatika, au aliikata. Nilitaka kukasirika nikashindwa. Angalau najua jibu lipo hai, limekaa kwenye kitanda cha watu, linapika, linalea, na halijasahaulika.

Nilirudi kwa kinyozi jana. Nilivua kofia, akaona kichwa, hakucheka, nikamshukuru. Akawasha mashine. Na mimi, kwa uchovu, nikaanza kuvuma kama kawaida yangu, ila safari hii mdomo ulifunguka wenyewe na neno likatoka, chini chini, kwenye noti yake. Hodi. Hodi. "Karibu!" alisema kinyozi, bila kuinua macho. Kisha akatazama mlangoni, hapakuwa na mtu. Nikamwambia ni mimi, ni sehemu ya wimbo. Akazima mashine, akanitazama kwenye kioo kwa mshangao wa kweli. "Sasa Papa," akasema, "uko ndani tayari. Unapiga hodi ya nini?"

Nililichukua swali lake hadi nyumbani. Nadhani sasa nimeelewa kwa nini ua mzima ulinyamaza siku ya kilio. Kila mmoja wetu pale alijihesabu yuko nje ya mlango. Tumekimbia mara nyingi mno, tumepoteza mno, hata aliye na paa, kitanda na jiko amezoea kujiona anagonga kwa watu akingoja afunguliwe. Na kama wote tuko nje, nani atasema karibu? Maestro hakutuachia sisi jibu. Aliliacha kwa wenyewe, na watalileta wakirudi, na siku hiyo mimi nitasimama nyuma na noti yangu moja. Kwa sasa kuna watu wanashuka kutoka Sake na godoro kichwani. Watafika kwenye geti lako, watasimama, watagonga kwa adabu. Wewe unayesoma haya uko ndani tayari. Jibu.